Mfongo uliokauka Marangu: maji yalitoka wapi, na uanzie wapi kuyarudisha

Msomaji ameandika hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Nimerithi kihamba cha babu, shamba la migomba na kahawa, huku Marangu, juu kidogo ya senta ya Mtoni. Nyuma ya nyumba kuna alama ya mfongo wa zamani, ule mfereji wa maji wa wazee. Umekauka, na mahali pamoja jirani amejenga banda la ng'ombe juu yake. Bibi anasema maji yale yalitoka kwenye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kwamba wazee walijua kuyapandisha mlima. Anasema yamekatika kwa sababu barafu imeisha. Lakini mto bado una maji, uko chini kabisa bondeni. Naomba unifahamishe ukweli wa historia hii, na kama naweza kuufufua mfongo kwa kuujengea sementi."

Marahaba. Bibi yako ameona kitu cha kweli kwa macho yake, ila sababu anazozitaja sizo. Na ukishaelewa mfongo ulivyokuwa ukifanya kazi, utaona mwenyewe kwa nini sementi si mahali pa kuanzia.

Tuanze na maji kupanda mlima. Ardhi ya Marangu ni migongo mirefu iliyotenganishwa na makorongo yaliyokatwa na mito. Watu wanakaa mgongoni, mto unapita chini, pengine mita 50 chini ya miguu yako, na maji hayo hayawezi kufika kwenye mgomba wako bila mashine. Walichofanya wazee ni kuufuata mto kuelekea msituni, hadi pale ambapo sakafu ya mto iko juu kuliko kihamba. Wakayatoa maji hapo, wakayatembeza ubavuni mwa bonde kwa mteremko mdogo sana. Fanya hesabu: kama mto unashuka mita 60 katika kila kilomita na mfongo unashuka mita 3 tu, basi baada ya kilomita 1 mfongo uko mita 57 juu ya mto. Aliyesimama bondeni, akiuona mto unaporomoka huku mfongo unazidi kuachana nao, ataapa kwamba mfongo unapanda. Penye korongo dogo walivusha maji kwa magogo yaliyochongwa mfano wa mtumbwi, penye mwamba walijenga ukuta wa mawe na kuujaza udongo. Ufundi huu ulikuwepo kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya: mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema, jirani zenu wa magharibi, mwaka 1848, Uchaggani tayari palikuwa na mifongo na migomba.

Sasa barafu. Ni kweli inaisha: zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 halina tena. Lakini barafu ya Kibo haijawahi kuwa tangi la maji la Marangu. Kule juu ni baridi na ni pakavu, mvua na theluji kwa mwaka havifiki milimita 200, na sehemu kubwa ya barafu inayopotea haiyeyuki kuwa maji ya mto bali hugeuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na upepo. Kinachoingia mitoni kutoka huko ni kidogo mno.

Tangi lenu ni msitu. Mji wa Moshi, kwenye mita 800 hivi, hupata mvua ya takribani milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda hadi kwenye ukanda wa msitu, mita 2,000 hadi 2,400, upande huu wa kusini unapita milimita 2,000. Ndiyo sababu ukitoka Mtoni kwenda lango la hifadhi, lililo karibu mita 1,870, unaweza kuacha jua nyuma na kuingia kwenye manyunyu. Pepo za masika, kati ya Machi na Mei, zinabeba unyevu wa Bahari ya Hindi na kuugonga mlima upande wenu. Mvua hiyo inanywewa na udongo wa volkano na miamba yenye matundu na nyufa, inashuka polepole chini ya ardhi, na inapokutana na tabaka gumu inachomoza kama chemchemi. Maji mengine hayachomozi kwenu kabisa, yanapita chini na kutokea tambarare, kama pale Miwaleni. Kwa hiyo mto unaouona Februari, wiki nyingi baada ya mvua, ni mvua ya zamani iliyotunzwa ardhini.

Juu ya mita 2,800 hivi pana jambo ambalo wengi hawalihesabu. Miti ya jamii ya Erika, yenye majani membamba kama sindano na ndevu za kuvu zinazoning'inia, hukamata ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Moto ukipita pale, kinachorudi kwanza ni vichaka vifupi, na vichaka havikamati ukungu kama miti. Kwa miongo kadhaa moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu, na moto wa Oktoba 2020 na ule wa 2022 uliongeza hasara hiyo hiyo. Anayeogopa maji kuisha Marangu na atazame hapo kabla ya kutazama kileleni. Msitu huo ndio pia makao ya mbega, kima, perere anayelia usiku, na minde, swala mweusi wa msituni ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Chini yake, kwenye vihamba, wazee walibakiza mfano wa msitu: mruka na mringaringa juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi penye unyevu, na masale mpakani.

Lakini mto wako bado una maji na mfongo hauna. Hapo ndipo penye jibu la swali lako, na linatoka kwenye historia ya watu.

Mfongo ulikuwa mali ya ukoo wa aliyeuchimba. Mkuu wake, meni mfongo, ndiye aliyepanga zamu, aliita watu kazini na kutoza faini kwa mbege (pombe ya ndizi na ulezi) au mbuzi. Zamu ziligawanywa asubuhi na mchana, na usiku maji yaliingizwa kwenye nduwa, bwawa la udongo, ili yatumike kesho yake. Aliyekosa kwenda kuzibua mfongo bila sababu alikosa maji. Juu ya koo alikuwepo mangi, yaani chifu, na mifongo mikubwa iliyovuka maeneo ya koo nyingi ilimhitaji, kwa sababu ndiye aliyeweza kulazimisha watu mamia watoke siku moja. Zama za Mangi Marealle, aliyetawala Marangu wakati Mjerumani Hans Meyer anapita kwenda kileleni mwaka 1889, maji, ng'ombe na uwezo wa kuita watu kazini vilikwenda pamoja. Sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilikwenda kwenye ulezi wa mbege uliolimwa chini, siyo kwenye migomba peke yake.

Kisha mambo yakabadilika taratibu. Kahawa ilienea kwenye vihamba, chama cha wakulima KNPA kikaanzishwa mwaka 1925 na chama cha ushirika KNCU kikakirithi mwaka 1933. Kahawa ilileta ada ya shule, shule ikawatoa vijana mlimani. Mapema miaka ya 1960 umangi ulifutwa, na nguvu ya kuita watu ikahamia kwa vijiji ambavyo mipaka yake haikufuata mifongo. Mabomba ya maji ya kunywa yalipofika, nyumba nyingi zikaacha kuutegemea mfongo kwa maji ya jikoni, na asiyeutegemea haendi kuuzibua. Bei ya kahawa ilipoporomoka, hata mwenye kihamba alipunguza nguvu. Mfongo wa udongo hauhitaji miaka mingi kufa. Masika 2 bila kuzibuliwa zinatosha: banio la kuelekeza maji ya mto mfongoni linabebwa, mchanga unajaa, ukingo unabomoka mahali pamoja, na kuanzia hapo maji yanarudi mtoni.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni watu. Tafuta mzee wa ukoo ulioumiliki, tembea naye kuanzia kihamba chako kwenda juu, siyo kuanzia juu kuja chini, maana ukianzia juu utachanganya na mifongo mingine. Mtembee mwishoni mwa Februari nyasi zikiwa fupi. Dalili za njia ya zamani ni mstari wa masale au mikuyu mikubwa isiyoelezeka, ngazi nyembamba ubavuni mwa mlima yenye upana wa mita 1 hivi, na mawe yaliyopangwa. Andika kila nyumba ambayo mfongo unapita kwake au ungeihudumia. Hapa nakusihi jambo: zamani wanawake hawakuruhusiwa kushiriki mambo ya mfongo, na leo nyumba nyingi za Marangu zinaongozwa na mama au bibi kwa sababu wanaume wako mijini au wamefariki. Ukiwaacha nje ya orodha na nje ya mkutano, utakuwa umeacha nusu ya nguvu kazi, na msaragambo (kazi ya pamoja) wako wa pili hautakuwa na watu.

Ukiwa na orodha, pima maji. Pima mwezi ambao mto uko chini kabisa, yaani mwishoni mwa Februari au Oktoba kabla ya vuli. Ukipima Mei utajidanganya. Chemchemi ndogo pima kwa ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, hiyo ni lita 2 kwa sekunde. Mfereji pima kwa kitu kinachoelea, ndimu inafaa. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, hesabu sekunde, rudia mara 5 na uchukue wastani. Tuseme ndimu inatumia sekunde 25, mfereji una upana wa sentimita 40 na maji yana kina cha sentimita 15. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, eneo ni mita za mraba 0.06. Zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.75, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua sakafu na kingo. Unapata lita 18 kwa sekunde.

Je, zinatosha nani? Ekari 1 ya migomba na kahawa wakati wa kiangazi inahitaji kama milimita 4 kwa siku, ambazo ni lita 16,000. Kwa wiki ni lita 112,000. Mfongo wa udongo hupoteza njiani nusu ya maji, na uliochakaa hupoteza zaidi, basi hesabu lita 9 kwa sekunde zinazofika shambani. Kila ekari itahitaji saa 3 na nusu kwa wiki. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa siku 7 una saa 84, ambazo ni ekari 24. Kama orodha yako ina ekari 40, mfongo huo hautoshi kwa zamu za mchana peke yake, na ni bora mjue kabla ya kushika jembe. Hapo ndipo nduwa inaporudi na maana yake. Nduwa ya mita 10 kwa 8, kina mita 1.2, inabeba lita 96,000 na inajaa kwa saa 3 hivi. Ichimbwe penye udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri, iwe na mdomo wa kumwaga ziada uliopangwa mawe, na izungushiwe uzio imara. Mtoto hahitaji kina kirefu kuzama.

Mteremko usipimwe kwa simu. Namba ya mwinuko kwenye simu hukosea kwa mita kadhaa, na wewe unatafuta sentimita. Tumia mpira wa levo wa mafundi ujenzi, ule mwangavu, urefu wa mita 20, ujazwe maji bila povu hata moja, kwa sababu povu moja linakuharibia kipimo chote. Piga vigingi kila mita 10, kila kigingi kiwe chini ya kilichotangulia kwa sentimita 3. Ukizidisha mteremko, maji yatakimbia zaidi ya mita 0.6 kwa sekunde na kuanza kula sakafu ya udongo. Ukipunguza sana, mchanga utatua na mtakuwa mnazibua kila mwezi.

Banio liwekwe upande wa nje wa kona ya mto, kwa sababu mchanga hujikusanya upande wa ndani. Lichomoke kwa pembe ya digrii 30 hadi 45, lisikatize mto. Hapa ndipo miradi mingi ya sementi ilipokosea. Banio la kienyeji la mawe, matawi, vigogo vya migomba na udongo huvujisha maji kwenda kwa watu wa chini, na mafuriko yakija linabebwa lenyewe na mfongo unapona. Banio la zege lisilo na lango wala chujio la mchanga halibebwi: linayaelekeza mafuriko yote mfongoni, yanavunja ukingo mahali 10, na kiangazi linaukausha mto. Ugomvi na vijiji vya chini huanzia hapo. Kama mtajenga kwa zege, jengeni pamoja na lango la kufunga, shimo la kutuamisha mchanga lenye mlango wa kuusafisha, na njia ya kurudisha ziada mtoni.

Kuhusu sementi njiani, jibu langu ni: sehemu chache, siyo mfongo mzima. Tembea siku maji yanapita, pima juu na chini ya kila kipande cha mita 200 kwa ndimu, na utaona mita zipi zinakula maji. Mara nyingi ni mashimo ya fuko na kaa, mizizi iliyooza, au mahali mfereji unapopita kwenye changarawe. Matundu yafukuliwe hadi mwisho na kushindiliwa udongo wa mfinyanzi, kuyaziba juu juu hakusaidii. Changarawe na kingo za mwamba ndizo zinazostahili sementi au bomba. Mfongo uliosakafiwa wote hupasuka ardhi inaposogea masika, na ufa mmoja uliofichika chini unatoboa kilima. Zaidi ya hayo, maji yanayovuja kidogo kidogo ndiyo yanayoinywesha miti ya ukingoni na chemchemi za chini ambazo jirani wanachota.

Banda la jirani lisiwe kesi. Pitisha bomba chini yake, lakini la kipenyo cha inchi 8. Kwa mteremko wa sentimita 3 kila mita 10, bomba la inchi 6 linapitisha kama lita 11 kwa sekunde, na zinazobaki zitafurika kwenye banda. Weka shimo la kusafishia kila upande na chujio la nondo mbele kuzuia majani ya migomba. Samadi ihamishwe mbali na mkondo, na hata hivyo maji ya mfongo yasinywewe bila kuchemshwa.

Kwenye chanzo, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi iondolewe kwa awamu, siyo kwa siku moja, huku mikuyu, misesewe na miringaringa ikikua kuchukua nafasi. Ng'ombe wasifike.

Mwisho ni kibali. Kuyatoa maji mtoni kwa mfereji kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, hata kama mfongo ni wa babu wa babu. Kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi. Sheria hiyo inatanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu na maji yanayopaswa kubaki mtoni, kwa sababu mto wenu unaishia mto Ruvu wa bonde la Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Ombi la kikundi kilichosajiliwa huenda mbele kuliko la mtu mmoja. Pelekeni orodha ya nyumba, ekari, vipimo vya Februari na Oktoba, na mahali banio lilipo. Kama banio la zamani liko ndani ya msitu, fahamu kwamba tangu mwaka 2005 msitu huo umo ndani ya hifadhi ya taifa, hivyo pateni ruhusa ya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kabla mtu hajapanda na panga. Anzeni barua hizo mwezi Juni, baada ya masika, mkiwa mmeshapima Februari. Mkishapima Oktoba mnaongeza vipimo hivyo kwenye ombi, na kuchimba kunasubiri Januari, mkiwa na kibali mkononi na ardhi ikiwa bado laini kwa vuli.